Hodi Nyuma ya Ukuta Mweupe

Ulikuwepo, usijifanye hukuona. Jumapili ile, jua likianza kulegea, ulikuwa unatoka katika jumba la sanaa na programu ya tamasha mkononi, ukamwona bawabu anateremshwa ngazi katikati ya askari wawili. Alikuwa na pingu mikononi na soksi tupu miguuni. Zilikuwa soksi za kijivu, ya kulia imetoboka penye kidole gumba. Uliziona soksi kabla ya uso wake kwa sababu macho ulikuwa umeshayainamisha. Ukaanza kutafuta funguo za gari ndani ya mkoba, na funguo umezishika. Njiani ukasema muziki ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, na balaa lenyewe ndilo hilo.

Jumatatu saa mbili asubuhi faili la kesi lilikuwa kwapani mwa inspekta mmoja mfupi, mwembamba, ambaye kituo kizima kilimwita Sindano, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu walishachomwa. Mama huyu kukaa hakujui. Alisoma amesimama, alikula amesimama, na kalamu yake aliibofya tik, tik, tik mpaka wenzake wakahama meza. Faili lilikuwa na kurasa sita. Msafishaji wa jumba la sanaa, mwanamke aliyeitwa Dada Pamba kwa sababu fremu za picha alizifuta kwa pamba, amekutwa amekufa ndani ya stoo ya picha, nyuma kabisa ya ukuta ambao mpiga chelo, ile fidla kubwa ya kuwekwa kati ya magoti, aliupa mgongo na kupiga tamasha zima peke yake. Marehemu alikuwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa ndani ya kabati la bawabu. Ufunguo wa stoo uko chini ya bawabu. Bawabu na marehemu waligombana Ijumaa mbele za watu. Mkurugenzi wa jumba ameeleza kwamba marehemu aliingia stoo saa sita mchana, wakati jumbani hamna mtu isipokuwa wao wawili. Daktari ameandika kwamba alikufa kati ya saa sita na saa kumi na moja. Mtuhumiwa afikishwe mahakamani Jumanne saa tatu.

Sindano alilifunga faili. Lilikuwa limenyooka mno. Alikikumbuka kiwanda cha kushona mashuka kilichoungua miaka kumi na tisa iliyopita, milango imekomewa kwa nje kwa amri kutoka juu, na aliyekwenda jela ni mlinzi wa zamu. Aliikumbuka lifti ya ghorofa iliyoporomoka na watu, akafungwa mbonyeza vitufe. Jengo likiua, hufungwa mshika funguo. Wenye jengo hutuma maua.

Akaenda mahabusu.

"Kaka, sina muda na wewe huna zaidi yangu," alimwambia bawabu kupitia nondo. "Nani alifunga ule mlango?"

"Afande, mlango ule mchana haufungwi na mtu. Una springi, unajirudia wenyewe. Aliye ndani anabonyeza kishikio, anatoka. Ufunguo uko kwenye kisanduku cha kioo, na haujatoka tangu Ijumaa."

"Na mkoba wa marehemu?"

"Mikoba yetu wote iko kabatini kwangu. Ni amri. Haingii mtu na mkoba penye picha, tusije tukaondoka na mchoro wa mita tatu ndani ya pochi."

Kalamu ikabofya. "Ijumaa mligombana."

"Kwa ajili ya mama." Bawabu alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mama yangu mimi, mkwe wake yeye. Marehemu ni mke wa kaka yangu, na kaka alishatangulia. Mama hajiwezi, hata kujigeuza kitandani hawezi. Tunapokezana, shemeji usiku, mimi alfajiri na jioni. Ijumaa nilichelewa, akanisema. Alinisema vizuri tu, nilistahili."

"Sasa hivi nani yuko na mama?"

"Jirani. Amesema mpaka kesho mchana. Kesho anasafiri." Alishika nondo. "Afande, mimi nikienda rumande mama anageuzwa na nani? Niambieni hilo tu, mengine nitavumilia."

Sindano alifungua daftari. "Mara ya mwisho ulimwona wapi shemeji yako?"

"Wakati wa mapumziko ya tamasha, saa kumi kasorobo. Alivuka ukumbi na ndoo na pamba, akaingia stoo. Aliambiwa fremu za maonyesho ya Jumatatu ziwe tayari, na muziki ukipigwa mtu haruhusiwi kupita, kwa hiyo aliwahi mapumziko. Mimi nilikuwa mlango mkubwa, unaotazama ukumbi, tangu saa nane na nusu, nakata tiketi, sijabanduka. Niliwaambia askari wenu. Wakasema nitaje mwingine aliyemwona."

"Ukumbini walikuwepo watu mia moja na arobaini."

"Walikuwepo," alisema bawabu. "Afande, na viatu vyangu viko wapi? Jana tulivuliwa viatu wote, eti vinapiga kelele."

Sindano aliandika neno moja, *kelele*, akalipigia mstari, akaondoka karibu anakimbia.

Ukumbi wa jumba la sanaa ulikuwa bado haujapangwa upya. Viti vilikuwa safu kwa safu, programu zimeachwa sakafuni, na mbele kulikuwa na jukwaa dogo lenye kiti kimoja kisicho na mikono. Nyuma ya kiti ulisimama ukuta mweupe usio na picha. Sindano alihesabu hatua kutoka kwenye kiti hadi ukutani: tatu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama ngoma.

"Ni ubao mwembamba," alisema Mkurugenzi, ambaye alikuwa ameingia kimya, suti ya kitani, sauti ya mtu aliyezoea kufungua maonyesho. "Nyuma yake ndiyo stoo. Dada Inspekta, karibu. Msiba huu umetuvunja. Lakini nilidhani mtu mwenyewe mmeshampata?"

"Mtu tumempata. Natafuta mlango."

Mlango wa stoo ulikuwa pembeni mwa jukwaa, mzito, umezungushiwa mpira mweusi kuzuia unyevu usile picha. Sindano alimwomba Mkurugenzi abaki nje, akaingia, akaacha mlango ujirudie nyuma yake. Ulijifunga kwa pumzi, fyuu, kama jokofu. Harufu ya spiriti ya kusafishia bado ilikuwa inachoma macho. Feni ya kuvuta hewa ilikuwa imezimwa. Kwa tochi alimulika upande wa ndani wa ule ukuta wa ubao. Ulikuwa umejaa vumbi la miaka, isipokuwa sehemu kadhaa ndogo za mviringo zilizong'aa, kana kwamba mtu alizifuta. Ngumi ya mkono uliolowa spiriti huacha alama kama hiyo. Za kwanza zilikuwa usawa wa bega. Nyingine zilikuwa usawa wa kiuno. Mbili za mwisho zilikuwa usawa wa goti.

Askari waliokuja jana walikuwa wametafuta uchafu. Usafi hawakuutazama.

Sindano akashika kishikio cha mlango, akakibonyeza chini. Hakikwenda. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kisha akajaribu kukiinua. Mlango ukafunguka.

"Mkurugenzi, vishikio vyote vya jumba hili hubonyezwa chini. Hiki kinainuliwa. Kimefungwa kichwa chini miguu juu."

"Jengo la zamani, dada. Mafundi wetu unawajua."

"Rangi ya mlango ni ya lini?"

"Mwaka jana."

"Rangi imefunika skrubu zote za mlango huu. Kwenye kishikio imepasuka, na mapasuko bado meupe." Alitoa bisibisi mfukoni, akaanza kufungua. "Nani alifungua hiki kishikio, na nani alikirudisha kwa haraka hivi mpaka akakigeuza?"

"Bawabu ndiye anayeshika vifaa."

"Bawabu alishikwa akiwa mlango mkubwa, hajui hata kama shemeji yake amekufa. Nani aliikuta maiti?"

"Mimi. Saa kumi na moja na robo, wageni walikuwa bado wanakunywa vinywaji kwenye baraza."

"Simu kituoni iliingia saa kumi na moja na dakika arobaini."

Mkurugenzi alirekebisha mkufu wa saa yake. "Dakika ishirini na tano. Nilikuwa natetemeka. Wewe ungefanya nini?"

"Mimi ningepiga simu kwanza, nitetemeke baadaye. Feni ilizimwa kwa nini?"

"Kwa sababu ya chelo. Ni chombo chenye haya, Inspekta, hakitaki kushindana na feni wala jokofu. Tulimwajiri fundi wa sauti, akapita chumba kwa chumba. Muulize yeye." Alitabasamu kwa huzuni. "Kama kuna mtu alichezea vishikio, ni yeye. Vijana wa mitambo hawana adabu."

Sindano alikitia kishikio kwenye mfuko wa plastiki, akaandika saa, akatia saini, akamtaka na Mkurugenzi asaini kama shahidi wa kuchukuliwa kwa kielelezo. Mtu yule alisaini bila kusoma. Kwa hakika alikuwa anafurahi kumpa inspekta mtu mwingine wa kumfuata, na Sindano alimfuata huyo mtu akijua kabisa kwamba ametupiwa mfupa. Mfupa nao una uboho.

Fundi wa sauti, aliyejulikana mjini kama Masikio, alikuwa na karakana nyuma ya duka la rangi. Nyaya zilining'inia kila mahali kama matumbo. Alikuwa bwana wa miaka arobaini na kitu, mwenye shingo nene na mikono miororo.

"Niambie kazi uliyofanya Jumapili kabla ya tamasha. Moja baada ya nyingine."

"Kazi yangu ni kuua kelele, afande. Nilizima feni. Nilichomoa jokofu la mkahawa. Nilisimamisha saa ya ukutani. Niliwavua wafanyakazi viatu, samahani, ilikuwa lazima, ile sakafu ina kisirani. Niliziba tundu la bomba kwa tambara. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Juu ya meza kulikuwa na spika kubwa. Sindano alikitoa kishikio kwenye mfuko, akakilaza juu yake. "Una rekodi yoyote ya chelo hapa? Niwekee sauti ya ule uzi mnene kuliko wote."

"Ya nini?"

"Ya kuniburudisha."

Masikio alimtazama, akatazama kishikio, akakawia. Hatimaye aliwasha. Sauti ikatoka, nzito, ya chini, ile inayoingilia miguuni. Na juu ya spika kishikio kikaanza kutetemeka, *zzzrrrr*, mkono wake uliolegea unagongana na bamba lake kama meno ya mtu mwenye homa. Masikio alizima haraka.

"Kinazungumza," alisema Sindano.

"Afande..."

"Kilizungumza hivi Jumapili pia?"

Fundi alikaa juu ya sanduku. "Kwenye mazoezi. Saa nane. Kila akigusa uzi mnene, kile kidubwana cha mlango wa stoo kinalia zrrr, kinaharibu kila kitu. Nilikiwekea karatasi, kikalia. Nikakifungua. Nikampelekea Mkurugenzi mkononi, ofisini kwake, nikamwambia kwa mdomo wangu huu: mlango ule sasa kwa ndani haufunguki, usiuache ujifunge. Niliuwekea kabari ya zulia chini."

"Mapumzikoni kabari ilikuwepo?"

"Mkurugenzi aliitoa kabla wageni hawajaingia. Mlango ukiwa wazi, alisema, wageni wataona ndoo na mafagio, picha ya jukwaa inachafuka. Alisema, 'Leo hamna anayeingia humo.' Yule mama msafishaji hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Mimi nilidhani yeye atamwambia."

"Na wewe wakati wa muziki ulikuwa wapi?"

"Kwenye mitambo, nimevaa hedifoni."

"Maikrofoni zilikuwa hatua tatu kutoka ukutani. Ulisikia nini?"

Kalamu ya Sindano iliacha kubofya. Masikio alitazama mikono yake.

"Muziki wa sehemu ya pili una kugonga, afande. Mpigaji anagonga mbao ya chelo kwa vidole. Nilisikia kugonga kwingine, kwa mbali zaidi. Sisi huwa tunaandika kila kelele, dakika na sekunde, ili tuisafishe baadaye. Niliandika mara saba. *Ukutani, ondoa. Ukutani, ondoa.*" Alinyoosha vidole saba. "Mara saba niliandika ondoa."

"Iko wapi karatasi?"

"Mkurugenzi alichukua karatasi na kadi ya rekodi jioni ile ile, kabla hamjafika. Alisema ni mali ya jumba."

"Utaniandikia maelezo haya na kusaini."

"Hapana."

"Kaka."

"Ninapata kazi kutoka kwa yule mtu na rafiki zake, afande. Nikisaini, kesho naanza kuuza nyaya hizi kwa kilo. Mimi nimekwambia ili uchungu unitoke. Kusaini, hapana."

"Uchungu umekutoka wewe, umeingia kwa mama mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani," alisema Sindano, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Mpiga chelo alikuwa amefikia katika nyumba ya wageni yenye ua wa saruji. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, vidole vya mkono wa kushoto vina sugu kama vya mkulima. Chelo yake ilikuwa imelazwa kitandani, naye amekaa kitini, kana kwamba mgonjwa ni yule pale kitandani.

"Nilitaka kuondoka asubuhi," alisema kabla hajaulizwa. "Nimeshindwa kufunga kasha."

"Mama, nionyeshe karatasi za muziki wa sehemu ya pili."

Alizitoa. Sindano hakujua kusoma noti, lakini alijua kuhesabu. Mahali pa kugonga palikuwa na alama ya msalaba. "Hapa unagonga mara ngapi?"

"Mbili. Kila mahali ni mbili, halafu uzi mnene."

"Ukumbini zilisikika ngapi?"

Mwanamke yule aliinuka, akakaa tena. "Mkurugenzi alinisifia jumba lake. Aliniambia, 'Lina mwangwi wa ajabu, likikujibu usishangae.' Nilipogonga mbili za kwanza, ukuta ukanijibu nyuma ya mgongo. Tatu."

"Mwangwi hauongezi, mama. Ukiupa mbili unarudisha mbili."

"Najua." Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nilijua pale pale. Nimepiga katika majumba mengi, mwangwi naujua. Nikasema labda ni mtu wa jumba, wamepanga kitu cha kunishtua. Na ilikuwa inapendeza, Inspekta. Watu waliinama mbele. Walikuwa wameshika pumzi. Nikagonga mbili, zikaja tatu. Nikatoka kwenye karatasi. Nikaanza kumchezea."

"Ukafanya nini hasa?"

Alinyanyua chelo kutoka kitandani, akaiweka kati ya magoti, akagonga mbao kwa vifundo vya vidole: mara tatu, polepole, kama mtu aliyefika mlango wa jirani na kupiga hodi. Akasubiri. Akagonga tatu tena.

"Nilimjibu kwa tatu zake. Mara mbili hivi. Mara ya kwanza alirudi haraka haraka, kwa furaha, ndivyo nilivyosikia, furaha. Mara ya pili aligonga moja tu. Moja, laini, chini chini. Halafu hakugonga tena. Nikamalizia na uzi mnene, watu wakasimama kupiga makofi."

Sindano alizikumbuka alama za mwisho ukutani, zile za usawa wa goti.

"Alikuwa bado ana pumzi ya kugonga," alisema, akipima kila neno kama anayesoma ripoti. "Mtu anayezidiwa na pumu hugonga mpaka mkono ushindwe. Huyu aliacha. Aliacha baada ya wewe kumjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amebisha hodi, ameitikiwa. Alijua amesikika, akakaa chini kuokoa pumzi, akangoja kufunguliwa."

Mpiga chelo aliweka upinde sakafuni kwa uangalifu mkubwa. Kisha akanyoosha mkono. "Leta karatasi yako. Nitaandika yote, na nitasema mahakamani. Wakitaka kusema nimemuua mimi, waseme."

"Saini hapa. Na hapa."

Saa kumi alasiri Sindano alikuwa mbele ya meza ya mkuu wa kituo, hajakaa. Alimpangia kesi kama anayepanga vyombo. Aliyefungiwa tangu saa sita mchana angegonga tangu saa sita. Angegonga kwenye mazoezi, angegonga sehemu ya kwanza. Hakuna kilichosikika mpaka sehemu ya pili, kwa sababu aliingia mapumzikoni, kama bawabu alivyosema. Mapumzikoni bawabu alikuwa mlango mkubwa. Mlango wa stoo haukufungwa na ufunguo wa mtu, ulinyang'anywa kishikio na kabari. Na aliyekirudisha kishikio ndiye aliyekuwa na dakika ishirini na tano na maiti.

Mkuu wa kituo alikuna kidevu. "Sindano, unanichoma. Una nini mkononi?"

"Kishikio. Alama za ukutani. Maelezo ya mpiga chelo."

"Kishikio, bawabu naye ana bisibisi. Alama, vumbi. Maelezo, mwanamuziki mmoja aliyechanganyikiwa. Wakili wa yule bwana atamla asubuhi kabla ya chai. Niletee mlio. Niletee sauti ya kugonga, yenye saa yake, niisikie kwa masikio yangu, na bawabu halali ndani siku ya pili. Bila hiyo, kesho saa tatu anasomewa mashtaka, na ukishasomewa ya kuua, dhamana sahau."

"Kadi ameificha."

"Basi tafuta masikio mengine. Si unasema walikuwa mia na arobaini?"

Orodha ya waliokata tiketi ilikuwa na namba za simu. Sindano alianza juu, anatembea korido huku na huko.

"Ndiyo, nilirekodi kidogo," alisema daktari wa meno wa safu ya pili. "Kile kipande cha kugonga, nywele zilinisimama. Lakini nimefuta, Inspekta. Nilivyosikia habari, nikaona ni vibaya kukaa nayo kwenye simu."

"Ulifuta lini?"

"Asubuhi hii."

"Ulimwona msafishaji akivuka ukumbi mapumzikoni?"

"Labda. Kulikuwa na mtu na ndoo, nadhani. Nilisogeza miguu apite."

"Utasema hivyo mahakamani?"

"Aa, dada, mahakamani tena. Mimi nilikwenda kusikiliza muziki."

Mama mmoja wa safu ya tatu alisema mume wake anafahamiana na Mkurugenzi. Mhandisi wa safu ya tano alisema ana video lakini yuko kwenye kikao, kisha akazima simu. Mwalimu wa chuo alitaka kujua kama jina lake litatoka gazetini. Binti wa safu ya nyuma alilia, akakata. Saa kumi na mbili jioni Sindano alikuwa amepiga simu sitini na mbili. Wenye video walikuwa kumi na mmoja. Waliokubali kuileta, hakuna. Alikwenda mahabusu akampitishia bawabu viatu vyake kwenye nondo, ambavyo alikuwa amevikuta jumbani chini ya meza ya tiketi.

"Umempata mwingine aliyemwona?" aliuliza bawabu, anafunga kamba.

"Bado namba sabini na nane."

Na mojawapo ya namba hizo ni yako. Simu yako imeita mara mbili jioni hii, namba usiyoijua, ukaigeuza kifudifudi juu ya meza. Video iko humo ndani, dakika nne na sekunde kadhaa, umewatumia watu watatu na kuwaambia wasikilize kipande hiki. Usiifute. Usingoje wa safu nyingine atangulie, yeye anakungoja wewe. Jirani wa yule mama mgonjwa ameshafunga sanduku lake la safari. Kituo kiko wazi, inspekta amesimama kaunta, hajakaa tangu asubuhi, na ukiingia hatakuuliza kwa nini umechelewa. Ipigie ile namba. Sema: ninayo, naileta. Kisha inuka hapo ulipo, uende.